Ng'ombe wa Mzee Russell

Habari ilianzia Buffalo, na kama habari zote za watu wa milima ya Kongo walioko Marekani zinazoanzia Buffalo, ilimkuta mwenyewe hajamaliza hata kuvua viatu vya kazi. Rakeli alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake ya kupanga huko Okolona, kusini mwa Louisville, mguu mmoja nje ya kiatu na mwingine bado ndani, simu ilipolia. Aliyepiga ni Rudasingwa, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mzee wa kanisa, mtu anayepiga simu wakati wa Noeli na wakati amekasirika. Noeli ilikuwa bado mbali.

"Mama Umurerwa, banatuambia uko mu filme."

"Filme gani, Baba mukubwa?"

"Filme ya bale banaume benye banaoana. Batoto walikuwa naiangalia mu telefone, nyuma ya kanisa. Nikasikia sauti, nikasema, ile sauti naijua. Nikachukua telefone. Njo weye! Uko nachana muzungu nywele, uko nacheka, uko nasema ulimupa ng'ombe!"

Rakeli alikitazama kile kiatu alichokivua kama vile kingemsaidia kujibu. Filamu aliijua. Hakujua tu kwamba ilikuwa imekwisha tengenezwa, wala kwamba filamu ikitoka Kentucky inaweza kufika nyuma ya kanisa la Buffalo bila yeye kuambiwa.

Kazi yake ilikuwa kumtunza mzee mmoja mjini, jina lake Russell, mwalimu wa zamani, mtu mrefu aliyekunjika kwa uzee, mwenye ulimi mkali na miguu isiyomtii. Majira ya kuchipua ya mwaka uliopita walikuja wasichana wawili wenye kamera. Rakeli aliwaelewa kama mtu yeyote wa kwao angewaelewa: vijana wakija kumsikiliza mzee, ni kwa sababu maneno yake hayatakiwi kuzikwa naye. Basi akavaa gauni la Jumapili, akamchana mzee nywele, na walipomuuliza, mzee huyu ni nani kwako, hakubana maneno. Aliwajibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha dawa na vyakula tu. "Huyu ni wetu," alisema. "Nilimupa ng'ombe. Mutu ukimupa ng'ombe, yeye ni wa nyumba yako, na batoto bako banapaswa kumujua."

Na haikuwa maneno matupu. Ng'ombe mwenyewe yupo. Anaitwa Gaju, mtamba wa rangi ya asali, na anachungwa huko Minembwe, kwao milimani, na Kagabo, mdogo wake Rakeli. Alitoka kwenye ng'ombe ambao baba yao aliwaachia.

Rakeli alimtoa kwa sababu ya pete. Mpwa wa mzee alikuja siku moja, akakosa pete ya bibi yake ndani ya kijisanduku, na hakumtafuta mwizi mbali. Wakala uliomwajiri Rakeli ukampigia simu hapo hapo, ukamwambia kwa sauti laini arudishe sare yake kesho. Mzee Russell akamnyang'anya simu. Mtu asiyeweza kujifunga vifungo vya shati alisimama wima, akishika meza, akauambia wakala ule: "Semeni sababu. Isemeni kwa sauti, halafu mtie sahihi." Hawakuwa na ujasiri huo. Pete ilionekana baadaye ndani ya koti la mpwa mwenyewe, na hakuna aliyemwomba Rakeli radhi isipokuwa mzee, ambaye hakumkosea. Wiki ile ile Rakeli alimwambia Kagabo amtenge Gaju. Kwao, mtu akisimama kwa ajili yako hivyo, asante ya mdomo ni kumdharau.

"Ilikuwa ng'ombe yangu," alimwambia Rudasingwa sasa. "Baba yangu njo aliniachia."

"Ng'ombe aikuwe ya mutu mumoja! Donc, weye mwanamuke ulifunga undugu na ile mutu, na siye tunajua mu telefone ya batoto? Na bakwe ba Columbus nabo banajua. Ndahiro alishanipigia."

Hapo Rakeli akakivua na kiatu cha pili. Baada ya wiki chache ilikuwa siku ya posa ya Umurerwa, binti yake wa pekee, na wakwe wenyewe walikuwa watu wa Ndahiro, baba wa Gisubizo, kijana aliyekuwa akimposa. Na katika posa ya watu hawa kuna mahali ambapo hakuna njia ya kujificha. Kabla ng'ombe hawajakubaliwa, msemaji wa upande wa binti husimama na kuzitaja nyumba zote ambazo ukoo umepeana nazo ng'ombe, moja baada ya nyingine, ili wakwe wajue wanaoana na akina nani. Msemaji alikuwa Rudasingwa.

"Bon. Unisikilize," alisema. "Ile siku nitahesabu banyumba yote. Yeye simuhesabu. Bakiniuliza, nitasema ilikuwa mucheko tu, muzungu hakuelewa. Na kuanzia leo usimuambie ile muzee kitu ku mambo ya ng'ombe. Ikufe yenyewe. Na weye ile siku utakaa ku jikoni. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Rakeli. Hakusema amekubali, lakini Rudasingwa hakuwa na mazoea ya kutofautisha mambo hayo mawili.

Kumkana ng'ombe uliyemtoa kwa mkono wako mwenyewe! Huko milimani hata mwizi wa ng'ombe angeona haya.

Umurerwa alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, bado na fulana ya ghala anakofungasha mizigo. Alikuwa amesikia yote. Alizungumza kwa Kiingereza, kama kawaida yake jambo likiwa zito.

"Mama, hiyo filamu imetoka tangu mwezi wa sita. Nimeiona. Nililia."

"Na aukuniambia?"

"Nilidhani unajua uko ndani ya filamu gani."

"Na Gisubizo? Aliiona?"

"Tuliiangalia pamoja."

"Akasema nini?"

Umurerwa akafikiri. "Alisema ng'ombe ni mzuri."

*

Tangu siku hiyo Rakeli hakutulia. Aliosha sufuria zilizokwisha oshwa. Alitoka hadi kwenye kisanduku cha barua, akarudi, akatoka tena. Ulikuwa ni mwaka ule ambao mahakama kuu ya nchi iliruhusu wanaume waoane na wanawake waoane, na makanisani kwao kila mahubiri yalikuwa yakizunguka yanaishia hapo. Watu walikuwa na hofu kwa ajili ya watoto wao, na mtu mwenye hofu hutafuta uso wa kuibandika hofu yake. Sasa walikuwa wameupata wa Rakeli, tena mkubwa, wenye rangi, na sauti yake.

Jumamosi alimwambia Umurerwa awashe gari, waende Columbus. Alitaka Ndahiro amwone akiwa mtu mzima kwenye kiti, si kipande cha filamu.

Nyumba ya Ndahiro ilikuwa mtaa wa Linden, ya mbao, baraza limeinama upande mmoja. Mke wake aliwapokea vizuri, akawakumbatia, akaulizia safari. Kisha akaleta vinywaji. Mgeni wa heshima kwao hupewa maziwa, na kama maziwa hayapo, chai ya maziwa. Rakeli alipewa maji ya chupa ya plastiki, kifuniko bado kimefungwa, kama mtu aliyekuja kurekebisha bomba. Aliishika chupa ile mapajani muda wote bila kuifungua. Umurerwa aliiona, akageuza uso.

Ndahiro alikuwa mtu wa maneno machache, mikono mipana, mchungaji wa ng'ombe tangu utotoni, ambaye Marekani ilimpa kazi ya kukata nyama kiwandani na hakupata kuizoea. Hakumkaripia. Alimwomba tu Gisubizo aiweke ile filamu kwenye televisheni. Gisubizo, kijana mpole mwenye miwani, alifanya kama alivyoambiwa huku akiangalia sakafu.

Uso wa Rakeli ukajaa ukutani. Alijisikia akisema: huyu ni wetu. Kisha akatokea mzee Russell mwenyewe, ameshika picha ya Gaju iliyowekwa kwenye fremu, anacheka hadi bega linatikisika. Maneno yake Gisubizo aliyatafsiri kwa sauti ndogo: "Mimi nina ng'ombe Kongo. Mimi, ambaye hata paka hajapata kunivumilia." Chumba kizima hakikucheka. Gisubizo alikohoa.

"Ni weye?" Ndahiro aliuliza.

"Ni miye."

"Mama, sikuite mubaya. Kuosha muzee si zambi, ni kazi. Mukamwana wangu naye anafanya ile kazi. Lakini ng'ombe…" Alitafuta maneno kwenye viganja vyake. "Ng'ombe njo siye tunaoana nayo. Tutakuya kwenu ile siku, tutasikiliza benye bazee benu batahesabu. Kama ile mutu iko ndani, tutarudi kwetu na amani. Kama aiko, tutakunywa maziwa."

Ilikuwa haki, na alikuwa ameisema kwa adabu. Ndiyo maana ilimuuma Rakeli zaidi.

Wakaianza njia ya kurudi. Karibu na Cincinnati, Umurerwa alisimama kutia mafuta, lakini alipomaliza hakuwasha gari. Alilisogeza pembeni, malori yakipita kwa kishindo, akaisimamisha simu yake mbele ya mama yake.

"Wewe umeona kipande tu," alisema. "Utaiangalia yote."

Na Rakeli akaiangalia yote, mle garini, mchana kweupe, mkanda wa kiti bado kifuani. Ilihusu wazee watatu wa Kentucky. Mmoja alikuwa mwanamke aliyekuwa na kiduka cha vitabu, mmoja alikuwa askari, na wa tatu ndiye Russell. Zilionyeshwa picha zao wakiwa vijana, wanatembea barabarani wachache tu, nyuso wazi, wakati ambao mtu kama wao akionyesha uso alipoteza kazi. Watu walikuwa wamejipanga pembeni wanawarushia vipande vya barafu. Russell alikuwa na nywele nyeusi nyingi. Umurerwa alimtafsiria pale Kiingereza kilipomshinda.

Mzee alisimulia jinsi mkuu wa shule alivyomwita baada ya vipindi, akamwambia kwa sauti laini kwamba shule haitamhitaji tena. "Nikamwambia, sema sababu," mzee alisema ndani ya simu. "Iseme kwa sauti, halafu utie sahihi." Rakeli akaruka kitini. Maneno yale aliyajua! Aliyasikia kwa masikio yake siku ya pete. Kumbe mzee hakuyatunga siku ile kwa ajili yake. Alikuwa ameyabeba miaka yote hiyo, na siku aliposikia mwingine anafukuzwa kwa sauti ile ile laini, akayatoa.

Kisha mzee akamzungumzia Dennis. Rakeli aliijua picha ya Dennis, aliifuta vumbi kila Jumanne. Hakuwa ameuliza, na mzee hakuwa amemwambia. Alikuwa ameamua zamani kwamba jambo lile lilikuwa kati ya mzee na Mungu, na kwamba Mungu hakuhitaji msaada wa Rakeli. Dennis aliishi na Russell tangu ujana, akaugua, akafa. Kwenye mazishi mhubiri alisimama akataja wafiwa: mama yake, kaka zake, shangazi, majirani, hata mbwa wao wa shambani alitajwa na watu wakatabasamu. Russell alikaa kiti cha nyuma. Hakutajwa.

"Sikutaka hotuba," mzee alisema, na macho yake kwenye kile kioo kidogo yalikuwa makavu kabisa. "Nilingoja mtu mmoja tu aseme: umesahau mmoja. Nilingoja mpaka jeneza likashuka. Basi. Mengine yote niliyofanya baada ya hapo, maandamano, sheria za jiji, mikutano, niliyafanya ili asitokee mtu mwingine wa kukaa kiti kile."

Rakeli alilia. Alimlilia mzee, na kwa kweli alijililia pia, kwa sababu alijua Rudasingwa atasimama wapi na atamruka nani.

*

Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye basi kuelekea kazini, ulimfikia ujumbe wa sauti kutoka Minembwe. Kagabo alikuwa akipiga kelele kwa furaha kuushinda upepo. Gaju amezaa! Ndama jike, mzima, amekwisha simama.

Aliingia nyumbani kwa mzee, simu yenye habari ile ikiwa mfukoni. Mzee alikuwa kitandani, miwani kwenye paji la uso. Yeye na Rakeli walizungumza kwa Kiingereza, lakini kuna maneno machache ya Kiswahili ambayo mzee alijifunza, na kila asubuhi aliyatumia yote kwa pamoja.

"Habari ya leo? Gaju amezaa?"

"Bado," alisema Rakeli.

Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia, na aliona aibu kama mtu aliyeiba. Alimletea uji, akamfunga kitambaa shingoni, akakifungua, akakifunga tena. Mzee alimtazama.

"Rachel, umekifunga hicho mara mbili. Kuna nini?"

Akamwambia. Si habari ya ndama, alikatazwa, bali mengine yote: Buffalo, Columbus, chupa ya maji, nyumba zitakazohesabiwa. Alieleza kwa Kiingereza kibovu, akakosea, akarudia. Mzee alisikiliza huku uji unapoa.

"Msichana anampenda huyo kijana?"

"Sana."

"Basi waambie ilikuwa mzaha. Wakitaka, nitawaandikia mwenyewe kwamba ni mzaha." Alijaribu kucheka. "Usinionee huruma. Nimekwisha kanwa na watu wenye uzoefu. Watoto niliowafundisha kusoma walivuka barabara wasinisalimie. Mmoja alikuja juzi pale filamu ilipoonyeshwa chuoni, kichwa kizima mvi, akanishika mkono akashindwa kusema. Imemchukua miaka arobaini. Mimi najua kungoja. Msichana hawezi kungoja. Aolewe."

Rakeli alihisi mzigo umemtoka mgongoni, na hapo hapo akajichukia kwa jinsi alivyofurahi. Mzee aligeukia ukuta, kule kwenye picha ya Dennis, na picha ya Gaju iliyotundikwa kando yake.

"Niiondoe?" aliuliza polepole. "Hiyo ya ng'ombe?"

"Acha," alisema Rakeli. Akachukua bakuli la uji akalipeleka jikoni, akafungua maji yakapita bila kuosha kitu.

*

Siku ya posa ukumbi wa kanisa ulijaa. Wanawake walivaa mishanana ya kung'aa, ile nguo ya sherehe inayofungwa begani, wazee walishika fimbo za uchungaji ambazo hazijapata kumpiga ng'ombe yeyote wa Marekani, na watu walikuwa wamekuja kutoka miji yote mitatu. Umurerwa alikaa kati ya shangazi zake, macho chini, kama inavyopasa. Rakeli alikuwa jikoni, kama alivyoambiwa, amekumbatia mtungi wa mti wenye maziwa. Mlango ulikuwa nusu wazi.

Mizaha ya ufunguzi ilikwenda vizuri. Kisha Ndahiro, ambaye hakumwamini msemaji yeyote zaidi ya mdomo wake, akasimama na kikombe kitupu mkononi.

"Bon. Tumefika. Mutuambie sasa, muko na nani?"

Rudasingwa akajikohoza. Alikuwa na sauti nzuri, hilo hakuna anayeweza kumnyima. Akataja nyumba ya Gatsinzi, waliyopeana nayo ng'ombe tangu kwa babu, na watu wakapiga kofi moja. Akataja nyumba ya Methodi. Kofi. Nyumba ya Zenoni, aliyewaficha watu wao wakati wa vita. Kofi. Akaendelea hadi akafika mwisho, akashusha fimbo.

"Njo bale tu."

"Bale tu?" aliuliza Ndahiro.

"Bale tu."

Ndahiro aligeukia mlango wa jikoni. Ilikuwa zamu ya maziwa kuingia.

Rakeli aliingia na mtungi. Kila mtu alimtazama, na kila mtu alijua. Angepaswa kuinama, kumimina, na kurudi. Binti yake angekuwa ameolewa. Alimwona Umurerwa akiinua macho, kinyume cha desturi, akimtazama moja kwa moja, na Rakeli hakuweza kujua kama macho yale yalikuwa yakimsihi anyamaze au aseme. Alijua tu kwamba kuna mahali, zamani, kiti cha nyuma, mtu alingoja mpaka jeneza likashuka.

"Umesahau mumoja, Baba mukubwa," alisema.

Rudasingwa akaielekeza fimbo kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Umurerwa. Rudi ku jikoni."

"Nitarudi. Lakini umesahau mumoja. Anaitwa Russell. Nilimupa Gaju, ng'ombe ya baba yangu, juu ya vile alisimama upande yangu wakati nilikuwa peke yangu. Kama nilikosea, museme nilikosea, museme kwa sauti, batu bote basikie. Lakini musiseme ng'ombe aiko. Ng'ombe iko!"

Maziwa yakamwagika kidogo kwenye mshanana wake. Wazee wawili wa Buffalo walisimama wakachukua makoti. Mama mmoja alisema Yesu wangu. Umurerwa alijifunika uso. Rudasingwa akaikumbatia fimbo kifuani, na kwa mara ya kwanza Rakeli aliona kwamba mzee huyu hakuwa na hasira tu, alikuwa anaogopa.

Ndahiro hakukaa wala hakuondoka. Aliangalia ndani ya kikombe chake kitupu. Mkewe alikwisha shika mkoba. Hatimaye Ndahiro akauliza, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia:

"Ile Gaju… ilishazaa?"

Rakeli hakulitarajia swali hilo. "Ilizaa," alisema. "Si zamani."

"Jike?"

"Jike. Rangi ya mama yake, na alama nyeupe ku uso."

"Inanyonya?"

"Inanyonya muzuri."

Ndahiro akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kwa mazoea tu. "Na mwenyewe alifurahi?"

"Hajui."

"Vipi hajui?"

"Balinikataza kumuambia."

Sasa Ndahiro akainua kichwa. Alimgeukia Rudasingwa taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeoneshwa jambo chafu ambalo, tofauti na mengine yote ya siku hizi, anaweza kulielewa lote.

"Ng'ombe ya mutu inazaa," alisema, "na mutu hajui?"

Rudasingwa alichunga ng'ombe kabla hajawa mzee wa kanisa. Akaiegemeza fimbo ukutani. Wale wazee wawili waliokuwa wameshika makoti walisimama hapo hapo mlangoni, mmoja mkono ndani ya koti, mwingine nje.

"Mambo ya ile muzee na Mungu, miye siko ndani," Ndahiro alisema. "Siikubali. Na kesho sitaikubali, musinisumbue. Lakini ile ingine, hapana. Ile ni wizi." Akakaa, akaweka kikombe juu ya goti. "Mama, umupigie. Siye tutangoja."

*

Alitoka nje na simu. Upepo wa Oktoba ulikuwa ukiviringisha majani kwenye maegesho, na kidole chake kilikosea jina mara kadhaa kabla ya kulipata.

"Rachel?" alisema mzee. "Wamekufukuza?"

"Bado. Nisikilize. Nilikudanganya. Ng'ombe wako amezaa."

Kisha akasikia televisheni ya mzee ikizimwa.

"Jike au dume?" mzee aliuliza. Alikuwa amejifunza kuuliza vizuri.

"Jike. Ana alama nyeupe usoni. Nisamehe. Walitaka niseme hakuna ng'ombe. Nimewaambia yupo. Nimekutaja mbele ya watu wote."

Rakeli alisikia pumzi ya mzee tu, nzito, inapanda na kushuka, na hakumharakisha, kwa sababu alijua analia na kwamba hangependa kuulizwa. Mlango ukafunguka nyuma yake. Alikuwa Gisubizo, miwani imemshuka puani, na nyuma ya bega lake Umurerwa, macho mekundu, mkono wake ndani ya mkono wa kijana mbele ya kadamnasi bila kujali desturi.

"Mama," alisema Gisubizo, "baba anauliza ile ndama inaitwa nani."

Rakeli akaipeleka simu mdomoni. "Wanauliza jina. Mwenye ng'ombe ndiye hutoa jina."

"Sasa hivi?" mzee alisema, sauti imekwaruza. "Jina la ng'ombe? Sasa hivi, kwenye simu?" Akasikika akivuta kiti karibu na meza, akihema. "Hapana. Waambie wangoje kidogo. Jambo hili halitaki haraka."

Rakeli akarudi ndani, simu ikiwa bado wazi mkononi, akawaambia wakwe kwamba mwenye ng'ombe anaomba wangoje kidogo.